Tone la Damu Mezani Aziziya

Nilipelekwa Riyadh kufanya kazi ya maabara, katika chumba kidogo mtaa wa Olaya. Kazi yangu ilikuwa kupaka grafini, utando wa kaboni mwembamba kupita kiasi, kwenye elektrodi, vipande vya kupitishia umeme. Juu yake tuliweka kingamwili za kunasa protini inayotoka kwenye moyo ulioumia. Protini ikinaswa, mkondo wa umeme hubadilika na namba hutokea kwenye simu. Katika maji ya chumvi tuliyoyatia protini wenyewe, kifaa kilipima vizuri. Katika damu, protini nyingine zilijazana juu ya grafini, zikaleta namba za uongo.

Bosi alilijua hilo. Hata hivyo alinipeleka Jeddah, nyumbani kwa shemeji yake mtaa wa Aziziya, kuwaonyesha kifaa chake matajiri watatu aliotaka watoe mtaji. Tulikuwa mezani, mafuta ya kondoo yakiganda kwenye sinia ya wali, aliposema, "Yalla, haya, tupate damu." Hakuna mgeni aliyetoa kidole. Madam mwenye nyumba akamwita mfanyakazi wake jikoni. Akaja dada, Mkenya mwenzangu, mikono bado ina povu la sabuni. Bosi akamdunga kidole bila kumwambia lolote. Mgeni mmoja alikunja pua, akasogeza sahani yake, kisha akaendelea kutafuna.

Namba ikapanda juu kabisa. Wageni wakapiga makofi.

"Kaka, wanashangilia nini?" dada akaniuliza kwa Kiswahili. "Mimi ni mgonjwa?"

Nikamwambia bosi mbele ya wote, "Ama moyo wa huyu dada umeumia, aende hospitali sasa hivi, ama kifaa kinadanganya."

"Halas, yatosha," akasema akitabasamu. "Ni maonyesho tu."

Aliyeogopa ni madam. Alimwita dereva ampeleke dada hospitali, nami nikaenda nao. Daktari akampima dada: moyo mzima, hana tatizo. Dada alicheka, kisha akalia.

Tuliporudi, wageni walikuwa wanakunywa kahawa. Niliwaeleza alichosema daktari, bosi akinikanyaga mguu chini ya meza. Wawili waliaga. Wa tatu akauliza kama kifaa kingefaa kupimia vibarua kwanza, wakati kikirekebishwa.

"Kinafaa sana," bosi akajibu.

Nilitoka nje nikatapika ukutani. Mkataba ulipoisha nilikataa kuuongeza, nikarudi Nakuru.