Sauti ya Pili Ilibaki Ikiimba

Hii sijawahi kuisimulia bila kujifunika uso, kwa hivyo mkiniona navuta leso katikati ya hadithi mniache tu, ni aibu inapanda. Na msianze kunionea huruma mapema, maana hakuna mtu aliyenifanyia kitu. Kila kilichonipata siku ile ukumbini nilikipanga mwenyewe, kwa kalamu na rula, nikiamini mimi ndiye mjanja wa Eldoret nzima.

Nilikuwa mwaka wa nne chuo kikuu, nasomea muziki, na ili umalize lazima utoe onyesho la mtihani: unachukua wimbo, unaupangia sauti nne, unaufundisha kwaya ya wanafunzi wenzako, unauongoza mbele ya walimu watatu na ukumbi mzima, halafu ukishamaliza unasimama ubaoni kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi ulivyozipanga hizo sauti. Hiyo sehemu ya ubaoni ndiyo niliyokuwa nikiiota. Daktari Lagat, mkuu wa idara yetu, mama asiyetabasamu ovyo, alikuwa ameniita ofisini akaniambia idara inataka mtu mmoja wa kubaki kufundisha mwaka wa kwanza, na atachaguliwa kulingana na onyesho lake.

"Achieng', ni wewe ama ni Kiprop," akasema. "Jitahidini."

Basi. Kuanzia dakika ile Kiprop hakuwa tena rafiki yangu, alikuwa mshukiwa.

Huyu Kiprop tulianza naye mwaka wa kwanza, kijana wa upande wa Burnt Forest, na ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya tatu katika kila kwaya niliyowahi kukusanya. Mpole, anakubebea viti, anakuuliza kama umekula (ndiyo maana nikamshuku, nani huwa mpole hivyo bure?). Na kabla hamjaniuliza, hapana, hayakuwa mambo ya kabila, ningemshuku hata kama tungezaliwa tumbo moja.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa nyanya yangu, wa kusaga mtama, na niliupangia sauti nne kwa miezi mitatu mpaka nikawa nauota. Sasa muelewe hofu yangu. Mwaka wa pili kuna wimbo mwingine wa nyanya huyo huyo niliokuwa nikiuimba bafuni kule hosteli, na siku moja nikaenda kutazama tamasha la shule, nikausikia unaimbwa jukwaani, umepangwa sauti nne, na jina la mtu mwingine limetangazwa kama mtungaji. Sikuwahi kujua nani alisimama nje ya bafu akinisikiliza. Tangu hapo nikawa mtu wa kuimba kwa kunong'ona.

Wazo lilinijia nikiosha vyombo kwa chumba changu cha kupanga kule mtaa wa Huruma, na nilifurahi mpaka nikavunja kikombe. Nitaipa kila sauti karatasi yake peke yake, na kila karatasi nitaitia kosa moja la makusudi. Wanawake wa sauti ya kwanza, noti moja ipande juu kuliko inavyopaswa. Wanawake wa sauti ya pili, mstari mmoja waurudie mara mbili badala ya kuuimba mara moja. Wanaume wa sauti ya tatu waingie mapema kabla ya wenzao, na wale wa sauti ya nne, noti yao ya mwisho iwe ya uongo. Wimbo ukiibwa ukatokea mahali, mimi natega sikio tu, nasikia kosa, najua mwizi ametoka sauti gani. Wiki ya mwisho nakusanya karatasi zote, nagawa zilizo sahihi. Niliona hata wapelelezi hawajafikia hapo.

Na ili mtu asiusikie wimbo mzima, sikuwaimbisha pamoja hata siku moja. Jumatatu sauti ya kwanza, Jumanne ya pili, hivyo hivyo, madirisha yamefungwa, na mlangoni nimeweka beseni.

"Simu kwa beseni!" nasema, hata salamu sijatoa.

Mercy, aliyekuwa akiongoza sauti ya pili, akaniuliza, "Achi, na tutaimba pamoja lini?"

"Utaambiwa."

"Kwani ni jeshi?"

Nilikuwa na kazi ya kuwarekebisha, kwa sababu hao wa sauti ya pili walikuwa wakisahau kuurudia ule mstari, yaani masikio yao yalikuwa yanawaambia ukweli, na mimi nagonga meza nawakemea, "Mara mbili! Mara mbili jamani, mnasoma ama mnaota?" Wiki sita niliwafunza kukosea mpaka wakakosea bila kasoro.

Siku moja Kiprop akanifuata nje ya kantini. "Achi, hebu nione karatasi za wale wengine. Kuna mahali sielewi."

"Za nini?"

"Nione tu venye tunaingiana."

Aha, nikasema moyoni, huyu hapa. Nikamwambia zimebaki nyumbani. Wiki moja baadaye napita mtaa wa West Indies, namwona anatoka kwenye saiba wanakotoa nakala, mkononi ana karatasi, na kwa jinsi nilivyozijua zile karatasi (nilikuwa nimezipa kila sauti rangi yake, waridi, kijani, njano na bluu) niliziona zote nne. Nikajificha nyuma ya mama wa mahindi ya kuchoma mpaka apite, na badala ya kumwita nimuulize kama mtu mzima, nikaenda zangu na hasira yangu. Siku iliyofuata, Jumatano, siku mbili kabla ya mtihani, nikamtoa kwenye grupu ya kwaya. Wenzake wa sauti ya tatu nikawaambia ni mgonjwa. Alinipigia simu mchana huo na kesho yake pia, na mimi naiangalia tu ikilia, nasema, omba msamaha mpaka uchoke.

Zile karatasi sahihi nazo, badala ya kuzigawa wiki hiyo kama nilivyopanga, nikazikalia. Kama Kiprop ameshapata zote nne, nani anajua anashirikiana na nani? Nikazitoa Ijumaa saa nne asubuhi, mtihani ni saa tano. Nikawaambia kuna mabadiliko madogo, waangalie. Si mnajua kwaya zetu, karatasi ni ya kujifunzia, wimbo ukishaingia kichwani hakuna anayeitazama tena. Wakaziangalia, wakasema sawa, wakazitandika kwenye benchi za vumbi wakazikalia ili majoho yasichafuke.

"Tuimbe hata mara moja hapa nje," Mercy akasema.

Nikatazama uwanja, watu wanapita, mwingine ameshika simu. "Hapana. Mnaujua."

Ukumbini mama yangu alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa ametoka nyumbani kule upande wa ziwa siku moja kabla, na gauni lake la harusi za watu. Daktari Lagat na walimu wawili walikuwa na nakala sahihi mezani. Huko nyuma kabisa, peke yake, nikamwona Kiprop ameketi na bahasha mapajani. Nikajisemea, amekuja kurekodi.

Nikainua mikono. Ubeti wa kwanza, sikieni, ulikuwa mtamu, maana makosa yangu nilikuwa nimeyaweka baada ya hapo. Mama akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo. Halafu sauti ya tatu wakaingia mapema, tena nusu yao, wale wengine walikuwa wamesoma karatasi mpya, na Kiprop wa kuwashika hayupo. Sauti ya kwanza wakapanda juu kwenye ile noti yao, wakagongana na kila mtu. Daktari Lagat akainua kichwa kutoka kwenye karatasi. Mimi nikatabasamu (kiongozi wa kwaya akichanganyikiwa hutabasamu, mkituona tunang'aa sana mjue mambo ni mabaya). Ndipo sauti ya pili, kwa ujasiri wote niliowajaza kwa wiki sita, wakaurudia mstari wao mara mbili, na kuanzia hapo wakawa nyuma ya wenzao kwa mstari mzima. Nikawapungia mkono wa kushoto waharakishe. Mercy akadhani nataka sauti zaidi. Wakaongeza.

Wengine wakafika mwisho. Sauti ya nne wakatua kwenye noti yao ya uongo, nikashusha mikono haraka, nikageuka nikainama mbele ya watu ili yaishe. Nyuma yangu sauti ya pili walikuwa bado na mstari wao. Wakauimba wote, polepole, na madoido ya mwisho, mimi nimeinama, sijui niinuke ama nibaki hapo chini. Nikabaki. Na mama yangu, akiamini ndivyo nilivyopanga, akasimama akapiga vigelegele.

Lakini mtihani ulikuwa bado nusu. Nikapewa chaki nifundishe. Msichana wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono kabla sijaandika hata neno.

"Mwalimu," akasema (ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuitwa mwalimu), "kwa nini sauti ya pili walibaki? Ni mtindo?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Daktari Lagat akainua nakala yake. "Hapa kwangu hakuna marudio. Hata mimi ningependa kujua."

Basi nikasema. Nikiwa ubaoni na chaki mkononi, nikasema yote, mitego, rangi za karatasi, mwizi niliyekuwa nikimwinda. Mercy ndiye aliyezungumza kwanza, akiwa bado na joho.

"Yaani ulitufunza makosa makusudi? Wiki sita? Na ukatugombeza tukiimba vizuri?"

"Nilikuwa nataka kujua nani..."

"Ulidhani sisi ni wezi, Achi."

Hapo ndipo niliumia kweli, kuliko kwa wimbo kuharibika, kwa sababu hawa watu walikuwa wameacha chakula cha mchana kwa ajili yangu, na uso wa Mercy haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyeaibishwa. Daktari Lagat akavua miwani.

"Achieng', kwa jinsi wimbo ulivyoimbwa leo, usiwe na wasiwasi. Hakuna mtu atakayeuiba."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mama pia alicheka, akanipungia mkono.

Kiprop alinisubiri nje mlangoni. Akanipa ile bahasha. Ndani mlikuwa na nakala za zile karatasi nne, na kosa la kila moja limezungushiwa wino mwekundu, yote manne, na pembeni ameandika: "Achi, hapa naona haiingiani, ama umetaka hivyo? Nisamehe kama naingilia." Yeye na Mercy walikuwa wameimba pamoja wakingoja chakula kantini, wakasikia wanagongana, ndipo akaomba karatasi kwa viongozi wa sauti zote, akatoa nakala ili anisahihishie. Zile simu zote alizonipigia, alikuwa anataka kuniletea.

Nikamwomba msamaha nikilia, kwikwi na kamasi.

"Ni sawa tu," akasema. "Lakini uliwaambia mimi ni mgonjwa? Mamangu amepigiwa simu na watu wa kanisa. Amefunga, anaomba."

Mtihani nilirudia baada ya mwezi, nikapita, na kwaya ilirudi, ingawa Mercy alinisalimu kwa kichwa tu mpaka siku ya mwisho. Nafasi ya kufundisha alipewa Kiprop baada ya onyesho lake mwenyewe, na sikuwa na neno. Muhula ulipoanza alinitafuta akaniomba ruhusa ya kuzitumia zile karatasi nne darasani, awaonyeshe wanafunzi kwa nini sauti hazifunzwi zikiwa zimetengana. Nikamruhusu. Ndiyo kazi yangu pekee iliyowahi kunakiliwa na watu, na niliitoa kwa mikono yangu miwili.

Siku hizi nafunza kwaya ya kanisa hapa Huruma, na nimeapa: sauti zote nne chumba kimoja tangu siku ya kwanza, madirisha wazi, simu kila mtu akae na yake. Nikimwona mtu amesimama nje anatusikiliza, bado moyo unashtuka, siwadanganyi, lakini natoka namuuliza tu yeye huimba sauti gani.