Kompyuta ya Mlangoni

Leo nimewasha kompyuta iliyokaa sana bila kazi, na harufu ya vumbi jekundu likipata moto ikanirudisha Voi, kwenye saiba ya mama, duka lake la intaneti na kuchapisha.

Mama alilelewa Kishushe kwa wafugaji. Huko mbuzi mgeni hachanganywi na wengine zizini. Hufungwa kando kwanza, mpaka ijulikane ni mzima. Ndivyo alivyozifanyia flashi za watu. Karibu na mlango aliweka kompyuta moja iliyochoka, isiyounganishwa na nyingine, na kila flashi ilianzia hapo.

Siku moja pasta aliingia akihema, flashi mkononi. Waombolezaji walikuwa wanangoja Sagalla, na programu ya mazishi haijachapishwa.

"Mama, chomeka tu hapo kwa printa. Hii ni ya marehemu, itatoa wapi virusi?"

"Pasta, hata ukiniletea mbuzi wa sadaka, atalala nje kwanza."

Akaichomeka kwenye ile ya mlangoni. Skrini ikajaa maonyo mekundu, na faili zote hazionekani. Pasta akashika kichwa. Mama alivuta stuli, akaviua virusi, akaanza kufichua faili moja moja. Sijaona tena mikono iliyotulia vile. Mwishowe ikatokea picha ya marehemu, bibi kizee mwenye kilemba, akicheka.

Pasta akavua kofia. Mama akaichomoa flashi, akaibeba hadi kwenye kompyuta ya printa, na kabla ya kuichomeka akasema polepole, kama anayemfungulia mtu lango:

"Haya nyanya, sasa karibu ndani."