Kadi Zangu Haziuzwi

Nilipofungua ukumbi wa michezo ya kompyuta pale mtaani Kabiria, Nairobi, mama alilia. Alikuwa amenisomesha uhasibu kwa kuuza mboga, akidhani nitaishia ofisini. Lakini ukumbi ulijaa. Mafundi wa ujenzi, makarani na wasichana wa saluni waliingia wakitoka kazini, wakakimbiza magari kwenye skrini hadi sauti zikawakauka.

Mwaka jana kadi moja ya picha iliungua. Bila hiyo kadi, kompyuta haiwezi kuchora mchezo bila kukwama. Nikaenda mjini kwa muuzaji wangu wa siku zote.

"Madam, kadi za gemu siku hizi haziletwi sana," alisema. "Watengenezaji wamegundua hizi vitu zinapiga hesabu za kila aina. Sasa wanahudumia wenye kampuni za akili mnemba. Nyinyi mko nyuma kwa foleni."

"Na ni nani aliwalisha mpaka wakafika huko? Si ni sisi wa gemu?"

Akacheka. Nikarudi mikono mitupu.

Wiki hiyohiyo akaja mwanamume mmoja kutoka mtaa wa kitajiri wa Loresho, mpole, viatu safi. Alikuwa na kampuni changa iliyofundisha kompyuta kutambua sauti za watu, na alitaka kununua kadi zangu zote.

"Hapa zinapotea bure," alisema, akimtazama fundi wa mabomba aliyekuwa akishangilia bao la mpira kwenye skrini. "Hizi ni mashine za kazi."

Mama, aliyekuwa ameniletea chakula, akanikanyaga mguu: uza! Fundi akaweka padi ya kuchezea chini.

"Huyu ameshinda akibeba mabomba," nikasema. "Raha yake si kitu cha kupotea bure. Kadi zangu haziuzwi."

Mwanamume akaondoka. Mama akafunga chakula chake akarudi nacho nyumbani.

Lakini maneno ya yule muuzaji yalinikaa kichwani. Kama kadi zinajua hesabu, basi zipige hesabu kwangu. Mteja wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo, alinionyesha namna ya kuziandaa kwa kazi hiyo. Sasa asubuhi, wakati hakuna wachezaji, yeye na wenzake hukodi mashine na kuchambua picha za majani ya mahindi yenye ugonjwa. Ni kazi nzuri, naiheshimu.

Jioni wateja wakianza kuingia, naisimamisha, hata kama haijaisha. Wanafunzi hunung'unika.

"Itaendelea kesho," nawaambia. "Sasa ni zamu ya wenyewe."