Rangi ya Bata

Chumba cha kungojea kilikuwa kimekwisha kujengwa, na bado watoto walikuwa wanatapika nje.

Nilikuwa kidato cha pili wakati kamati ya harambee ilipojenga kliniki ya watoto hapa Munyaka. Nesi ndiye aliyetaka benchi fupi, madirisha ya chini mtoto aone barabara, na bata wachorwe karibu na sakafu, mahali mtoto aliyeketi anaweza kuwagusa. Akanichagua mimi kwa sababu najua kuchora na sisumbui mtu. Hata kusalimia watu ilikuwa kazi kwangu.

Bata niliwamaliza. Lakini mwenyekiti akasema mlango haufunguliwi mpaka mgeni wa heshima aje kukata utepe. Mgeni akaahirisha, akaahirisha tena. Akina mama wakabaki wakimngoja nesi kwa veranda, na ile baridi ya Julai, matope na harufu ya nepi.

Jumamosi moja mama alikuwa hapo na mdogo wangu, kifua kinamlia kama filimbi. Mwenyekiti akanituma maji ya kunawa, nikaingia nayo. Kamati ilikuwa inakula nyama choma mle ndani. Mifupa imetapakaa juu ya benchi la watoto. Mtu alikuwa amepangusa vidole kwa bata wangu, mafuta yameshuka kutoka mdomo hadi mkia.

Mama akachungulia mlangoni. "Mzee, huyu mtoto anaumia. Tukae tu hapo kwa kona."

"Pole, Mama. Rangi haijakauka, mtaiharibu." Mwenyekiti akanigeukia, nyama bado iko kwa meno. "Si ndio, msanii wetu? Hebu waambie."

Veranda nzima ikaniangalia. Masikio yakanichoma. Nilimsikia mdogo wangu akivuta pumzi.

"Ilikauka tangu Pasaka," nikasema.

"Unasemaje?"

"Imekauka, Mzee. Umeiegemea tangu asubuhi na koti lako halina doa."

"Ama inakaushwa na moshi wa nyama?" mama mmoja akauliza huko nyuma, wakacheka.

Mama hakungoja ruhusa. Akaingia, akasukuma mifupa chini kwa kiwiko, akamketisha mdogo wangu. Mtoto akanyoosha mkono akamgusa bata wa kwanza, kisha akanusa kidole chake.

"Nyama," akasema.