Birika la Bibi

Mkono wangu wa kulia uliondoka na toroli la mkonge kule Pongwe, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimempelekea baba chakula shambani, nikaona toroli limesheheni majani linateleza kwenye reli, nikalidandia. Baba alikuwa amenikataza mara mia, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nikaanguka, gurudumu likapita juu ya kiganja, na hospitali wakaukata mkono kwenye kifundo.

Kidonda kilipona. Kilichonitesa ni kula. Kwetu Chumbageni mkono wa kushoto ni wa chooni. Huli nao, hupokei nao, humpi mtu kitu. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa akinizaba kofi mkononi kila nilipopokea andazi kwa kushoto. Sasa ndio huohuo niliobaki nao. Nikawa nakula kwa kijiko nyuma ya jiko, peke yangu, na wasichana wenzangu wakija kuniita nasema naumwa. Niliona haya, basi. Mimi, niliyewashinda wavulana wa mtaa mzima kwa kupanda minazi, naficha mkono chini ya kanga!

"Endelea kujificha, mke mwenzangu," Bibi akinitania. "Babu yako nitabaki naye peke yangu."

Ikaja arusi ya binti wa jirani. Asubuhi yake Bibi akafungia vijiko vyote sandukuni, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. "Leo utakula pilau na wenzio, au utalala na njaa." Siku ile nilimchukia, nasema kweli.

Uwani kwa jirani tukaketi wasichana watano kuzunguka sinia moja. Kunawisha watu ni kazi ya vijana; mtu mzima hamnawishi mtoto. Lakini Bibi alimpokonya birika na bakuli msichana aliyekuwa akinawisha, akaja mwenyewe. Wanawake wote wakageuka kumtazama. Wenzangu walinawa huku wamejikunyata, "Samahani Bibi, samahani," kila mmoja. Akafika kwangu, akaweka bakuli chini.

"Toa mkono."

"Upi, Bibi?"

"Ulionao."

Nikautoa. Akaumwagia maji, akausugua kidole kwa kidole, kisha akapaza sauti: "Mkono huu niliupiga mwenyewe, na leo nauosha mwenyewe. Mwenye neno na aseme, birika bado lina maji!"

Aliyefungua mdomo ni rafiki yangu wa siku zote, yule niliyekuwa nikimwambia naumwa. "Bibi, mwambie asogee basi. Kakalia upande wenye nyama!"

Loo, walicheka! Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Nikala. Nyama ya upande wangu niliimaliza, nikavamia ya jirani, wala sikumwomba mtu radhi.

Tuliposhiba nikasimama, nikashika birika kwa kushoto, nikamwendea Bibi alipokuwa amekaa na wakubwa wenzake. Rafiki yangu akanifuata na bakuli bila kuambiwa. Kumtumikia mkubwa kwa mkono ule, mbele ya watu, nilikuwa sijawahi.

Bibi akakinga mikono yote miwili, nikamimina, maji yakaruka.

"Taratibu, mke mwenzangu," akasema. "Unanilowesha kanga."