Dachesi na Nira ya Ng'ombe

Juzi nilipita kwa fundi wa pikipiki karibu na Kibabii, nikamkuta anamwaga oili chafu kwenye mkebe. Ile nyeusi, iliyotoka kwa injini ikiwa imechoka kabisa. Harufu ikanipanda puani nikasimama kama mtu aliyeitwa. Wengine wakinusa oili hiyo wanafikiria safari. Mimi nafikiria shingo ya farasi.

Ndiyo, farasi. Najua kwetu mtu akitaja farasi mnadhani anasoma Biblia. Lakini nendeni nje ya Kitale, upande ule baba yangu alinunua ekari nne zilizokatwa kwa shamba la mzungu, mtakuta wazee wanaomkumbuka Dachesi. Mzungu alipohama alimwacha Dachesi kwa mjomba wangu Joram, ndugu ya mama, aliyekuwa mtunza farasi wake. Joram akaja kwetu na godoro, sufuria moja, na huyo farasi jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na Dachesi ndiye alinifungua macho. Niliuliza maswali mpaka mama akachoka. Mbona analala amesimama? Mbona hacheui kama ng'ombe? Mbona masikio yake yanageuka kila moja na njia yake? Joram alinifundisha kumsugua kwa brashi, kumwinua mguu na kutoa mawe katika kwato kwa msumari uliopindwa. Nilimlisha mahindi kwenye kiganja, na midomo yake ilikuwa laini kama kitambaa cha kanisa cha mama. Nikiita tu jina lake, alikuja.

Mwaka ninaosema, mambo yaliharibika kwa foleni. Kwanza ugonjwa wa ndigana ukaua mmoja wa ng'ombe wetu wa kulima, tukabaki na mwenzake, Tisa, peke yake. Baba akaenda kuomba trekta ya mzee Simiyu, moja tu iliyolimia kijiji kizima. Ikalima mistari mitatu kwa jirani, ikatoa mlio kama sufuria zilizoanguka kutoka rafuni, ikanyamaza. Gea. Tukaambiwa speya inatoka Nairobi. Kila Jumapili baada ya ibada Simiyu aliulizwa, na kila Jumapili alijibu, "Iko njiani, bana." Nafikiri iko njiani mpaka leo.

Mvua ikaanza. Baba alikuwa akisimama ukingoni mwa shamba anavunja udongo kwa vidole. Tusipopanda wiki hizo mbili, hakuna mahindi. Na bila mahindi hakuna chakula wala shule. Hapo Joram akafungua mdomo mbele ya majirani.

"Shemeji, si tuko na Dachesi? Tumfunge na Tisa."

"Farasi analima?"

"Farasi ni ng'ombe tu asiye na pembe. Mimi si ndio nimekaa nao miaka hiyo yote? Najua."

Baba akaamini. Mtu anayezama haulizi kamba ni ya nani.

Wakawafunga kwa nira moja, ule mti unaolazwa juu ya shingo za wanyama wawili. Siku ya kwanza plau iling'oka bolti mara nne. Baba akafunga kwa waya, waya ukakatika, akapigilia msumari. Tisa alitembea kama mtu anayekwenda mazishi ya jirani asiyempenda, Dachesi naye alitaka kukimbia, na mistari ikapinda kama njia ya mlevi. Tulicheka sana. Mimi ndiye niliongoza mbele, kwa sababu Dachesi alinifuata mimi. Lakini nilikuwa nasikia pumzi yake nyuma yangu, inakwaruza, kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Siku ya tatu ngozi ya shingo ilikuwa imetoka. Joram akapaka oili chafu. Kesho yake nira ikalazwa palepale.

Jambo hilo likaniingia kichwani likakataa kutoka. Tisa hakuwa na kidonda, Dachesi alikuwa nacho. Mti ni ule ule. Mchana, wakubwa wakinywa uji, nilikwenda nikawapapasa wote wawili. Tisa alikuwa na nundu; nira iliegemea hapo, naye akaisukuma kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Dachesi hakuwa na nundu. Mti uliteleza ukambana koo. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akivunja ua wetu ili aingie kwenye sukumawiki: hakutumia shingo hata siku moja. Aliweka kifua kwenye fito, akaegemea, fito zikalia.

Nikaenda mbio. "Mjomba! Si mngemfunga kifuani? Nguvu yake iko kifuani!"

Joram alinitazama kidogo. Halafu akaangalia wanaume waliokuja kusaidia, akasema, "Kifuani? Nekesa, ati unataka tumshonee sidiria?"

Walicheka mpaka uji ukamwagika. Baba alicheka pia. "Wewe ongoza farasi," akaniambia. "Walimu tunao shuleni."

Nikaongoza. Siku ya sita, nusu ya shamba ikiwa imelimwa, Dachesi alipiga magoti ndani ya mfereji. Nilimwita. Akainua kichwa, akanyanyua mguu mmoja wa mbele, kwa sababu nilikuwa nimemwita. Hakusimama tena.

Nusu iliyobaki tulilima kwa jembe la mkono, mbegu zikaingia udongoni mvua ikiwa imeshapungua. Tulivuna magunzi. Dada yangu na mimi tulitolewa shule tukapalilie mashamba ya watu. Darasa la sita ndilo mwisho wangu, na haya ninayowaandikia nimeyaandika kwa herufi za darasa la sita.

Nataja majina kwa kuwa sijasikia mwingine akiyataja. Simiyu na speya yake. Baba, aliyekuwa na macho ya kuona kile kidonda. Na Joram. Kwa miaka mingi nilimhesabu Joram kuwa mjinga tu, na mjinga mtu humsamehe hata bila kutaka.

Mwaka juzi nilimtembelea kwake Sirisia, akiwa mzee, mgonjwa, amekonda. Tuliongea habari za mvua. Halafu nikamuuliza, kwa sababu nilitaka kujua tu, "Mjomba, yule mzungu alikuwa anamfungaje Dachesi akivuta mkokoteni?"

Akanyoosha mkono ukutani akachukua kamba ya mbuzi. "Geuka," akasema. Akaipitisha kifuani kwangu, chini kabisa ya koo, akaileta nyuma chini ya mikono, akafunga fundo mgongoni bila kuangalia. Vidole vyake havikutafuta njia. Mwisho wa kamba akafunga kwa gunia la viazi lililokuwa mlangoni.

"Ulijua," nikasema.

"Nilikuwa nimeshamwambia babako kwamba farasi ni ng'ombe. Mbele ya watu. Halafu nisahihishwe na mtoto?"

Niliinama mbele nikavuta, na gunia likanifuata sakafuni. Shingo yangu haikuuma hata kidogo.