Miaka Yangu ya Simu za Karatasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa simu ya karatasi. Ilikuwa kadi ngumu iliyokatwa ukubwa wa simu, vitufe vimechorwa kwa kalamu nyeusi, na bosi wangu akaniambia nibonyeze.

"Nibonyeze karatasi?"

"Bonyeza. Mimi ndiye kompyuta."

Nikabonyeza. Akaichukua ile kadi, akaniwekea nyingine yenye ukurasa unaofuata. Nilicheka mpaka wauza dagaa wa omena wa Kisumu Ndogo, pale Kibera, wakageuka kututazama. Nilikuwa nimetoka tu kuuza nguo za watoto Soko la Toi, nina cheti cha kidato cha nne na mtoto mchanga, na nikajua hakika nimeajiriwa na wendawazimu.

Huyo mwanamke alikuwa Mkuu wa Usanifu. Kampuni yake ilikuwa ikitengeneza programu ya simu kwa ajili ya walezi wa mtaani, wale akina mama wanaotushikia watoto mchana tukienda vibarua. Jioni mama anatumiwa namba ya siri kwa ujumbe, na anayekuja na namba hiyo ndiye anayepewa mtoto. Kazi yangu ilikuwa kupeleka mifano kwa watumiaji kabla programu yenyewe haijaandikwa, nione inakwama wapi. Mfano wa namna hiyo huitwa prototaipu. Ukikosea unatupa karatasi, hutupi jasho la miezi.

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mmekuta kompyuta inawachorea kila kitu. Sawa. Lakini hakuna kompyuta itakayowafundisha nilichofundishwa Kibera, kwamba adui wa jaribio ni adabu. Mgeni akija kwetu na kitu chake, tunampa kiti na tunamwambia iko sawa. Mlezi mmoja aliishika kadi juu chini, akaisifu kweli kweli. Nikamwambia bosi ameipenda.

"Ameishika juu chini," akasema. "Usimuulize mtu kama amependa. Mpe kazi aifanye, kisha unyamaze uangalie kidole chake kinaenda wapi."

Kuninyamazisha mimi! Nilikaribia kurudi Toi siku hiyo hiyo. Ila alinifundisha pia kumwomba mtumiaji awaze kwa sauti, yaani aseme kila linalompitia akibonyeza, na hapo mambo yakafunguka. "Hii kitu inataka jina yangu ya kitambulisho ya nini?" mama mmoja akauliza. "Hapa plot nani ananijua na hiyo jina? Polisi?" Tukafuta jina la kitambulisho, tukaweka Mama Nani, yaani jina la mtoto wake. Watu wakaacha kukwama.

Baadaye nikahamishiwa Kawangware, upande wa Kongo, ninakoishi. Huko tulikuwa tumeacha karatasi, tunajaribu kwenye simu halisi, nyumbani kwa Mama Nekesa, aliyekuwa akimlea Shantel wangu. Mama Nekesa alikuwa na desturi yake. Mtu asiyemwelewa akija kuchukua mtoto, anasimama mlangoni anaita plot nzima, wapangaji wote wa ua ule, "Huyu ni wa nani?" Majirani wasipomjibu, mtoto hatoki.

Nilimhitaji mlezi wa aina hiyo. Nilikuwa nimeachana na Baba Shantel vibaya, naye alikuwa ameapa kumchukua mtoto ampeleke ushago, kijijini kwa mama yake. Na laini yangu ya simu, ambayo kila mtu alinijua nayo, ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho chake tangu tukiwa pamoja.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi: mwandishi wa programu, kijana ambaye Mama Nekesa hajawahi kumwona, aje na namba sahihi aseme amemfuata Shantel. Mimi nikae ndani na Mkuu wa Usanifu, kimya. Nilikuwa natabasamu nikisubiri kuona akifukuzwa.

Kijana akabisha, akataja namba. Mama Nekesa akaiandika. Skrini yote ikawa kijani: MTOTO ANAWEZA KUTOKA. Mama Nekesa akamfuta Shantel pua, akamnyanyua, akampa yule kijana. "Haya mami, bai bai."

Niliruka kutoka kwenye stuli. "Mama Nekesa! Unamjua huyo?"

"Simjui."

"Na umempa mtoto wangu!"

"Simu imesema atoke. Si ni nyinyi mumeileta? Sasa munanigombeza nini?"

Kijana wa watu alikuwa amesimama pale na mtoto kama mtu aliyeshikishwa sufuria ya moto. Mkuu wa Usanifu akamchukua Shantel akanipa. "Mama Nekesa hajakosea," akasema. "Sisi ndio tumemfanya aangalie simu badala ya uso wa mtu."

Hasira haikuisha. Mchana huo nilikuwa ofisini Ngong Road mbele ya Meneja wa Mradi, Shantel mgongoni, Mkuu wa Usanifu kando yangu.

"Mama Shantel, punguza sauti," akasema. "Namba ya siri imefanya kazi vizuri kabisa."

"Imefanya kazi. Ndiyo shida yake! Mkiitoa hivyo nitapita mlango kwa mlango Kongo yote niwaambie akina mama waifute."

"Tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa."

Mkuu wa Usanifu hakupandisha sauti. "Basi tangaza nyingine. Hii siipitishi, na kama lazima itoke, itoke bila mimi."

Angeweza kunyamaza. Kodi yake ya nyumba haikulipwa na hasira yangu. Meneja alinung'unika sana, lakini uzinduzi ukasogezwa, nasi tukarudi kwenye karatasi, tukiwa na Mama Nekesa na walezi wenzake. Ile kijani ikaondoka. Namba ikiwa sahihi, simu sasa inamuuliza mlezi: UMERIDHIKA? Chini yake vitufe viwili, NIMERIDHIKA na SIJARIDHIKA. Akibonyeza cha pili, mtoto anabaki, na simu inawapigia watu ambao mama amewaandikisha mwenyewe.

"Hicho cha kukataa mukifanye kikubwa," Mama Nekesa akasema. "Nikiwa nimebeba wawili, nabonyeza na kidole gumba tu."

Programu ilikuwa imeanza kutumika mtaani pale simu yangu ilipopoteza mtandao ghafla, nikiwa nimerudishwa kazini Kibera. Baba Shantel alikuwa ameenda kwa wakala, akatoa kitambulisho, akapewa kadi mpya ya laini yangu. Namba ya siri ya jioni ikaingia kwake. Alikuja kwa Mama Nekesa ameshaikariri.

Majirani walinisimulia baadaye. Namba ikakubali, naye akanyoosha mikono. "Lete mtoto."

Mama Nekesa akabonyeza kwa kidole gumba.

"Si namba imekubali?" akamfokea. "Na mimi ndiye babake!"

"Simu imekubali," Mama Nekesa akamwambia. "Mimi sijakubali."

Simu ikampigia dada yangu, naye akanipata kwa simu ya mwenzangu kazini, nayo plot ikajaa mlangoni. Nilipofika nikihema, jamaa alikuwa ameondoka na Shantel anakunywa uji. Nilimshika Mama Nekesa mikono, nikalia kama mtoto.

Mradi umekabidhiwa chama cha walezi wenyewe, nami kazi yangu imeisha. Wengine hustaafu na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa bado namnyonyesha wa pili. Sina kinyongo. Kila kazi niliyoifanya kabla ya hii, hasira yangu ndiyo iliyonifukuzisha. Hapa palikuwa na mwanamke aliyenisikiliza nikipiga kelele, kisha akauliza, "Umesema ilikukera wapi hasa?" Hilo swali namshukuru nalo mpaka leo.

Shantel ameanza shule. Jana alinigombeza vibaya kwa sababu ya viatu vinavyombana. Nikamvua kimoja, nikakaa chini, nikamwambia anionyeshe ni wapi.